Machozi ya Mama Mkwe

Kilichomnyima Wembe raha pale kambini, kuliko foleni ya maji na kuliko vyoo vya kushirikiana, ni machozi ya mama mkwe wake.

Wembe alikuwa kinyozi. Jina hilo wateja walimbandika tangu enzi zile alipokuwa ananyoa kwa kiti cha kuazima pembeni mwa stendi, likamganda hata mkewe akawa hamwiti kwa jina jingine. Mto ulipofurika na kupasua kingo, maji yaliingia mtaani kwao alfajiri, na kabla jua halijapanda nyumba yao ilikuwa imelala kifudifudi kwenye tope. Nyumba ya mama mkwe, mitaa miwili chini zaidi, ilikwenda mzimamzima. Mama huyo alikuwa amepikia watoto wa shule ya msingi mpaka anastaafu, na wale watoto, ambao wengine sasa ni watu wazima wenye vitambi, walikuwa bado wanamwita Bibi Sufuria. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, mke wa Wembe. Watu watatu walitoka salama, kila mmoja na nguo aliyoivaa. Tumboni mwa mke wa Wembe alikuwemo wa nne, mimba iliyopatikana baada ya miaka ya kungoja na kuvumilia maswali ya watu.

Mwanzoni walikaa kwenye mahema. Kisha malori yakaanza kuleta nyumba za muda, zikapangwa kwa safu kwenye uwanja wa mpira. Safu za mbele zilikuwa za mabati matupu, na waliozipata walilalamika kwamba wanaokwa kama mikate. Wembe na familia yake walipata chumba cha safu ya nyuma, zile zilizoletwa mwisho, na watu waliwaonea wivu. Ndani kulikuwa na kuta za mbao za kiwandani, nyeupe, laini, na dari ya mbao hizohizo. Mkewe aliposukuma mlango mara ya kwanza alivuta pumzi akacheka.

"Kinanukia upya," alisema. "Kama kabati la dukani."

Chumba kilikuwa kimoja, na hapo ndipo adha ilipoanza. Mtu na mama mkwe wake kulala chumba kimoja, kati yao shuka tu lililoning'inizwa kwenye kamba, si jambo la kusimulia mbele za watu. Wembe alijifunza kuvaa suruali akiwa amelala chali. Alijifunza kukohoa kabla ya kugeuka kitandani. Kulipopambazuka tu alikuwa keshatoka, na hakurudi mpaka jioni. Kiti chake cha kunyolea alikiweka chini ya turubai karibu na lango la kambi, upepo ukimpiga huku na huku, na kazi haikukosekana, kwa sababu hata mtu aliyepoteza kila kitu nywele zake zinaendelea kuota.

Lakini kila aliporudi alimkuta mama mkwe ameketi mlangoni, macho mekundu, akijifuta kwa ncha ya mtandio. Asubuhi machozi. Jioni machozi. Hata akila, mkono mmoja una tonge, mwingine unafuta jicho.

Wembe alijua, au alidhani anajua, machozi yale yanamhusu nani. Alipokwenda kuposa miaka ile, mama huyu alimwuliza binti yake kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Kinyozi? Atakulisha nywele?" Baadaye waliheshimiana, wakasalimiana vizuri, lakini swali lile Wembe hakulisahau. Sasa mama wa watu amefikishwa pale, analala kwenye godoro la msaada nyuma ya shuka la mkwewe, na mkwewe mwenyewe hana uwezo wa kumtoa. Angeacha kulia kwa lipi?

"Zungumza naye," alimwambia mkewe walipokuwa wawili.

"Nimezungumza. Anasema halii."

"Mimi nina macho."

"Na yeye ana mdomo, Wembe. Anasema halii."

Siku moja alikuja mshauri nasaha, kijana mpole mwenye sauti ya chini, akizungukia familia moja baada ya nyingine. Aliketi mbele ya Bibi Sufuria, akamtazama kwa huruma.

"Mama, usijizuie. Lia tu. Machozi yanapunguza uzito."

"Nani analia?"

"Si aibu, mama. Umepoteza nyumba."

"Mwanangu, mimi nimezika mume, nimezika na dada zangu. Kulia nakufahamu vizuri sana. Nikilia mimi, mtaa mzima unatoka nje kuuliza kuna nini. Hapa silii. Macho tu yananiwasha."

Yule kijana alitikisa kichwa polepole, kama watu wanavyomtikisia kichwa mtu ambaye hajawa tayari, akaahidi kurudi. Bibi Sufuria alimsindikiza kwa jicho la hasira, nalo lilikuwa linachuruzika.

Kilichomtia Wembe hofu zaidi ni hali ya mkewe. Daktari wa kliniki alikuwa amemwambia apumzike kwa sababu presha ilikuwa inapanda, naye akatii: akawa analala mchana kutwa, mlango umefungwa kuzuia vumbi la malori, na kidirisha kimefungwa kuzuia mbu. Badala ya kupata nafuu akawa anazidi kunyong'onyea. Kichwa kilimgonga. Koo lilimkauka. Alipata kikohozi kisicho na makohozi, kikimshika hasa jua likiwa kali. Kliniki waliusikiliza moyo wake, wakampima damu, wakasema ni uchovu na mawazo. Majirani nao walisema hivyohivyo. Kambi nzima ilikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa: "Ni huzuni, itapita."

Wembe akawa ananyoa kama mtu anayefukuzwa. Alichotaka ni kodi ya chumba chochote, mahali popote, mradi kiwe na kuta za matofali na mlango wa pili.

Ndipo alipoteguka mguu. Alikuwa ameinua ndoo ya maji, akaruka mtaro kati ya safu mbili za nyumba kama alivyozoea, ukingo ukamomonyoka, akaenda chini na ndoo yake. Kifundo kikavimba kama embe. Hakuweza hata kusimama, na kinyozi asiyeweza kusimama hana kazi. Ikabidi abaki ndani.

Ilikuwa siku ya kliniki. Mama na binti waliondoka asubuhi, na mvua ikaanza kunyesha muda mfupi baadaye, kwa hiyo Wembe alijivuta akafunga mlango na kidirisha. Mvua ilikatika, jua likatoka likiwa na kisasi. Chumba kikawa kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wembe alilala akitazama dari, akasikia pua inamwasha. Kisha koo. Kisha macho yakaanza kumchoma kama aliyekata vitunguu, na machozi yakateremka yenyewe mpaka masikioni. Alijifuta, yakarudi. Alijifuta tena. Akaanza kujiuliza kama na yeye ameshikwa na ile huzuni ya kambi, akajaribu kutafuta moyoni kinachomliza hasa. Njaa anayo, sawa. Mguu unauma, sawa. Lakini kulia?

Mlango ukafunguliwa. Bibi Sufuria akasimama kizingitini, mwavuli mkononi. Mkewe alikuwa amebaki nje akipunga upepo kwa jirani.

Mama mkwe alimtazama. Mwanaume mzima, amelala chali, uso umelowa.

"Baba," alisema kwa upole ambao Wembe hakuwahi kuusikia kwake, "unalia nini?"

"Silii, mama."

"Machozi yote hayo?"

"Wallahi silii. Macho tu yananiwasha."

 Kisha Bibi Sufuria akauweka mwavuli chini taratibu, kama anayeogopa kumwaga kitu.

"Sema tena."

"Macho yananiwasha, mama. Silii."

"Eeeh!" Alipiga makofi. "Eeeh! Mungu mkubwa! Nimesema maneno hayohayo tangu tumehamia hapa, mpaka yule kijana wa nasaha akaniletea kitabu cha kuombolezea. Wewe mwenyewe ukawa unanitazama kama maiti inayotembea!"

Wembe alijiinua akaketi. Labda yalikuwa yale maumivu ya mguu, labda aibu ya kukutwa analowa mashavu, lakini neno lilimponyoka kabla hajalipima.

"Mimi nilidhani unalia kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako? Umenifanya nini?"

"Nimekuweka hapa. Nyuma ya shuka."

Bibi Sufuria alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Na mimi," alisema, "nilidhani unatoka kabla jua halijachomoza ili usiione sura yangu. Nikasema kijana wa watu nimemchosha, hata chai hanywi nyumbani."

"Mama, nilikuwa nakupisha uvae kwa nafasi!"

Walitazamana, wote wawili macho mekundu, wote wawili machozi yanatiririka, na kicheko kikawakamata pamoja. Walicheka mpaka Wembe akagonga mguu wake mbovu kwenye ndoo akapiga kelele, kisha wakacheka na hilo pia. Tangu amwoe binti yake hawakuwahi kucheka jambo moja kwa wakati mmoja.

Aliyenyamaza kwanza ni Bibi Sufuria.

"Lakini hebu ngoja. Leo nimekaa kliniki tangu asubuhi, na foleni yenyewe ile. Sijafuta jicho hata mara moja. Nimeingia hapa, sasa hivi tu, ona."

Akainuka, akasogea ukutani. Alinusa kama alivyokuwa akinusa chakula cha shule kujua kama kimeungua chini. Alinusa kwenye kona, akanusa juu ya kidirisha, akavuta godoro la binti yake lililobanwa kwenye pembe, akainama nyuma yake. Akarudi nyuma ghafla akikohoa.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo mwanangu analaza kichwa."

Kabla hawajaamua la kufanya, mke wa Wembe aliingia, akasema amechoka, akajilaza palepale huku mama yake akimwambia asubiri kwanza. Kikohozi kikamwanza. Safari hii hakikukatika. Aliketi, akashika kifua, akafungua mdomo kama anayetaka kusema, na hewa ikawa inaingia kwa mluzi mwembamba, kama inapita kwenye tundu la sindano. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Nje!" Bibi Sufuria alipaza sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha ukumbi mzima wa watoto. "Mtoeni nje!"

Wembe alisahau kwamba ana mguu mmoja. Walimbeba wawili, yeye na mama mkwe, wakamweka kwenye benchi la jirani, upepo ukimpiga usoni. Wembe alipiga magoti mbele yake, roho mkononi, akimwambia vuta, taratibu, vuta tena. Bibi Sufuria alikuwa anamsugua mgongo, midomo ikimchezacheza bila sauti. Jirani mmoja, dereva wa lori, alikuwa amerudi safari siku hiyo. Hakuuliza mengi, aliwasha gari.

Hospitalini walimvisha kifuniko cha hewa puani na mdomoni, wakamchoma sindano. Wembe alikaa kwenye korido, mguu wake umelazwa juu ya kiti kingine, akihesabu vigae vya sakafuni na kupoteza hesabu. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipotoka alimwita aingie, akamwekea sikioni chombo cha kusikilizia, ncha yake ikiwa juu ya tumbo la mkewe. Wembe alisikia mdundo wa haraka, tu-tu-tu-tu, kama farasi mdogo anakimbia.

"Huyo ni mtoto," daktari alisema. "Hana habari na mnayohangaikia."

Wembe alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Mkewe, chini ya kile kifuniko, alimkonyeza.

Kisha daktari aliwatazama wale wawili, kinyozi na mama mkwe, macho yao mekundu kama ya watu waliokesha msibani.

"Mnaishi wapi?"

"Kambini," alisema Wembe. "Safu ya nyuma."

"Za mbao nyeupe?"

"Hizo."

Daktari alivua miwani. "Kuna watoto wawili wa safu hiyohiyo wako wodini kwa kifua. Nami nilikuwa nadhani ni vumbi. Nielezeni, macho yanawasha mkiwa wapi?"

Bibi Sufuria, ambaye kwa wiki kadhaa hakuna aliyemwamini, alieleza. Alieleza kwa mapana na marefu, na daktari hakumkatiza hata kidogo.

Kesho yake bibi afya alifika kambini. Alikuwa mama mnene wa haraka, na mkononi alikuwa na kifaa kidogo cha kupimia hewa, chenye kioo, kama redio. Msimamizi wa kambi alimpokea mbele ya ofisi yake. Alikuwa amekaa nje, na meza yake nje, na faili zake nje zimekandamizwa kwa mawe.

"Mbona unafanyia kazi barazani?" bibi afya alimwuliza.

"Napenda hewa safi."

"Ofisi yako ni ya mbao gani?"

Msimamizi alijikuna kidevu. "Nyeupe," alisema. "Ukweli ni kwamba nikikaa ndani kichwa kinaniuma. Nikadhani ni kazi."

Bibi afya aliingia chumba kimoja baada ya kingine, kifaa kikilia kwa sauti nyembamba iliyozidi kila alipokaribia kona zisizo na hewa. Alipomaliza alikusanya watu akawaeleza. Zile mbao si mbao za mti uliopasuliwa, alisema. Ni vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi, na gundi yenyewe ni ya hovyo. Joto likipanda na madirisha yakifungwa, ile gundi inatoa hewa kali, ndiyo harufu ile ya upya mnayoisifu. Inachoma macho, inakausha koo, inabana kifua, na kwa wajawazito, watoto na wenye pumu ni hatari. Nyumba za bati hazina gundi hiyo, ndiyo maana wa mbele wanaungua jua lakini hawakohoi.

 Kisha watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa na lake. Mama mmoja alisema alikuwa amemkataza mwanawe kucheza mpira akidhani ndio unaomletea kikohozi. Yule dereva wa lori alinyanyua mkono kama yuko darasani.

"Mimi kila nikirudi safari, nikiingia ndani tu, machozi yananitoka. Mke wangu amefurahi mno. Ameshawaambia dada zake wote kwamba siku hizi nampenda."

Watu walicheka mpaka bibi afya akashindwa kuendelea. Mke wa dereva, aliyekuwa palepale, alimpiga kichwani kwa mtandio.

"Basi endelea kulia," alisema, "utajua mwenyewe pa kula."

Msimamizi aliposema hana pa kuwapeleka watu wa safu nzima, bibi afya hakubishana naye. Alisema tu kwamba hatasaini popote kwamba vyumba vile vinalalika, na kwamba anayetaka kuvitetea alale humo yeye na meza yake. Msimamizi alitazama meza yake kule nje, akatoa simu. Alipiga huku, akapiga kule, akabembeleza, akapandisha sauti, akabembeleza tena. Jua lilipoanza kulala alikuwa amepata ghala la chama cha wakulima, jengo la matofali lililokaa tupu tangu mafuriko, lenye madirisha ya juu pande zote mbili.

Ghala lilikuwa na tope kavu, panya na magunia yaliyooza. Safu nzima ilitoka kulisafisha. Bibi Sufuria alisimama katikati na fagio, akiwapanga watu kwa sauti yake ya jikoni: nyie ukutani, nyie sakafuni, wewe mwenye mikono mirefu utandabui. Wembe alipewa kazi ya kukaa, kwa ajili ya mguu wake, akaishia kunyoa foleni ya wanaume waliojaa vumbi kichwani, kila mmoja akikaa chini mbele yake. Vyumba viligawanywa kwa magunia na mabanzi. Familia ya Wembe ilipata sehemu mbili badala ya moja, kwa sababu msimamizi, bila kuulizwa, aliona haifai mtu na mkwewe kubanana vile.

Mkewe alitoka hospitali siku ya jua la upole. Aliingia ghalani polepole, akasimama chini ya dirisha, akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu zaidi, kama mtu anayejaribu viatu vipya. Hakukohoa. Alilala kuanzia wakati huo mpaka jioni, akaamka akasema ana njaa, akala sahani yake, akala na ya Wembe, na alipoanza kuitazama ya mama yake, mama akamsogezea na kwenda kupakua nyingine.

Zile mbao ziling'olewa baadaye, malori yakaja kuzichukua, na vyumba vikajengwa upya kwa matofali ya udongo na madirisha makubwa. Kazi ilichukua muda kuliko walivyoahidiwa, kama kawaida, na msimamizi alisemwa sana. Wale watoto wawili walirudi kutoka wodini, wakawa wanakimbizana ghalani mpaka watu wakatamani warudishwe. Wembe alipata kibanda cha kunyolea sokoni, na asubuhi sasa alikunywa chai kwanza, Bibi Sufuria akimlalamikia kwamba anakunywa kwa haraka kama anayekimbizwa.

Mtoto alizaliwa mchana, wa kike, mzito. Wembe alikuwa kwenye benchi la korido alipoisikia sauti yake, kali, isiyo na mkwaruzo wowote, ikijaza jengo zima. Alisimama upesi bila kujua anakwenda wapi. Muuguzi aliyekuwa anapita na trei alicheka.

"Kaa, baba," alimwambia. "Mapafu hayo hayana neno. Utayasikia sana."

Wembe akakaa. Aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, akaendelea kusikiliza.